Miwani ya Marehemu

"Hodi humu ndani!"

Sauti hiyo ilimkuta fundi cherehani ameketi sakafuni, gauni jeupe la harusi limemlalia mapajani kama mtoto mgonjwa. Asubuhi hiyo hakuwa na hamu ya kumkaribisha hata malaika. Hata hivyo, mgeni hafukuzwi mlangoni. Alijifuta machozi kwa upindo wa sketi yake, akaitika, "Karibu."

Aliyeingia alikuwa msichana ambaye hakuwahi kuonekana mtaani hapo. Alikuwa amekumbatia begi kubwa lililokatika mkanda.

"Shikamoo, mama. Nimeelekezwa kwa Mama Leoleo."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi."

Jina hilo hakulipata bure. Mafundi cherehani wana kesho yao isiyofika. Ukipeleka suruali utaambiwa uje kesho, na ukirudi utaambiwa kesho yenyewe bado. Mwanamke huyu hakuwa hivyo. Akisema leo, ni leo, hata kama mvua ingenyesha mawe. Wateja walimpenda kwa sababu hiyo, na pia kwa ulimi wake. Bibi harusi aliyetaka gauni la kukodi alikuwa akimcheka na kumwambia, "Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Njoo nikupime uvae lako."

Maneno ya namna hiyo ndiyo aliyomwambia dada yake mkubwa, alipokuwa kitandani akihesabu pumzi zake za mwisho. Dada alikuwa na wasiwasi juu ya binti yake wa pekee. Fundi alimshika mkono, akasema, "Siku yake ikifika, mwanao hatavaa gauni la kukodi. Nitamshonea kwa mikono yangu." Dada alitabasamu, na tabasamu hilo halikumwondoka fundi moyoni hata siku moja.

Sasa siku ilikuwa imefika. Ilikuwa Alhamisi, na harusi ilikuwa Jumamosi. Asubuhi na mapema binti alikuwa amekuja kulijaribu gauni. Alisimama mbele ya kioo karibu na dirisha, na mwanga wa jua ukasema kweli. Kitambaa cha satini kina uso unaong'aa na mgongo uliofifia, na fundi alikuwa amekata kipande cha kifua cha kushoto akakigeuza mgongo nje. Upande mmoja wa bibi harusi uling'aa kama maziwa, wa pili ukapauka kama majivu. Mishono ilikuwa imetangatanga kama njia ya mlevi.

Binti hakupiga kelele. Alilivua taratibu, akalikunja. "Usijali, mama mdogo," alisema akitazama chini. "Kesho jioni nitakwenda kukodi." Laiti angetukana! Upole wake ulimchoma fundi kuliko sindano yoyote iliyowahi kumdunga.

Hayo yote alikuwa akiyatafuna peke yake mgeni alipobisha. Alilipokea begi, akakaa kwenye cherehani, akachukua sindano ya mkono. Alilenga uzi kwenye tundu, ukapita pembeni. Akalenga tena. Alinyoosha mkono mbali, akaurudisha karibu, akailamba ncha ya uzi. Tundu lilimkimbia kama samaki.

"Lete nikusaidie, mama," mgeni alisema, akatunga uzi mara moja. Kisha akainama kidogo, akamtazama usoni. "Samahani, hiyo miwani ni yako?"

Fundi aliishika kama mtu anayelinda kitu kisiporwe. "Ni ya marehemu mume wangu. Alikuwa dereva wa lori. Bila hii hakuona kibao cha barabarani mpaka akigonge. Macho yangu yalipoanza kunisumbua nikasema, ya nini kutafuta nyingine? Miwani ni miwani."

"Na ulipoivaa uliona vizuri?"

Fundi aliisukuma miwani juu ya pua. Ukweli ni kwamba tangu aivae kichwa kilimgonga kila jioni. Aliambiwa miwani ni kama kiatu kipya, huuma kabla ya kuzoeleka, naye akavumilia. Tena, kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. "Tangu afariki," alisema polepole, "dunia imekuwa ndogo. Watu, nyumba, hata mikono yangu. Nilidhani ndivyo ujane ulivyo."

Mgeni alikuwa mpimaji wa macho, akielekea zahanati kuwapima watu, na mkanda ulikuwa umemkatikia njiani. Alivuta kigoda, akaketi.

"Si ujane, mama. Ni kioo. Mume wako hakuona mbali, kwa hiyo alipewa kioo kinachopunguza, na kwake kilikuwa dawa. Wewe tatizo lako ni la karibu. Umri ukisogea, lenzi ndani ya jicho hukakamaa, na tundu la sindano hupotea. Hilo linataka kioo kinachokuza. Wapo pia ambao uso wa jicho lao haukukaa sawa, mistari huwapindia, nao wana kioo chao. Kila jicho na kipimo chake, kama kiuno na suruali. Wewe ungemshonea mtu suruali kwa kiuno cha jirani yake?"

"Mimi? Labda niwe nimelewa!" Kicheko kilimponyoka fundi, kisha kikakatika katikati.

Msichana alitoa begini kadi ya herufi na kisanduku cha lenzi. Alimpima jicho la kulia, akabadilisha vioo hadi fundi akashtuka. Nyuzi za kitambaa zilikuwa zimejipanga mbele yake, mmoja mmoja, kama zamani! Alipofika kwenye jicho la kushoto, alibadilisha vioo vyote bila mafanikio. Alimulika kwa kurunzi, akasogea karibu zaidi.

"Huku kuna ukungu, sivyo?"

"Upo. Nilijua ni uchafu wa miwani. Kila siku naisugua."

"Ni mtoto wa jicho, mama. Lenzi ya jicho yenyewe imeingia utando. Miwani haiwezi kuusafisha, hutolewa kwa upasuaji. Hiyo miwani ya kuazima ilikufichia ugonjwa wako." Akashusha sauti. "Una bahati. Madaktari wapasuaji wako hospitali kuu kesho, siku moja tu. Nitakuandikisha. Ila baada ya hapo hutainama wala kushona kwa siku kadhaa."

Fundi alilitazama gauni. "Na wakiondoka, watarudi lini?"

"Sijui, mama. Huenda mwakani. Huenda zaidi."

Fundi alipitisha vidole kwenye kipande kilichopauka. Kutatua, kukata kipande kipya kwenye mabaki ya kitambaa na kushona upya kungemeza Ijumaa nzima.

"Basi jicho hili lingoje," alisema. "Nilimwahidi aliyekufa, mwanangu. Aliye hai unaweza kumwomba radhi. Yeye nitamwomba wapi?"

Mkanda ulipokwisha kushonwa, fundi alikataa malipo, na msichana akaacha mezani miwani ya kusomea inayokuza. "Basi huu ndio ujira wako," alisema, akaondoka akipepesa macho.

Fundi aliifunga miwani ya mumewe ndani ya kipande cha satini, akaiweka kwenye droo ya cherehani. Ghafla dirisha, mlango na jirani aliyekuwa akifagia ng'ambo ya njia vilirudi kwenye kimo chao. Alilia kidogo, maana ilikuwa kama kumzika mumewe mara ya pili. Kisha akamtumia binti ujumbe asikodi kitu, akatunga uzi mwenyewe.

Jumamosi asubuhi binti alisimama tena mbele ya kioo. Aling'aa pande zote mbili. Aliligusa gauni kifuani, akajitupa mikononi mwa mama yake mdogo. Wakati huo wapasuaji walikuwa wameshaondoka. Fundi alifumba jicho la kulia, na bibi harusi akageuka kuwa ukungu mweupe. Akalifumbua upesi.

"Mama mdogo, mbona unanikonyeza?" binti aliuliza akicheka.

"Nakutazama tu, mwanangu."

Mama Leoleo, ambaye hakuwahi kumwambia mteja yeyote aje kesho, alikuwa ameliambia hivyo jicho lake mwenyewe. Na kuanzia siku hiyo, alipowaasa mabibi harusi waliopita dukani kwake, sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyelipia kila neno: nguo ya kuazima haisitiri maungo.