Kamba ya Mkude

Hapo zamani, na msiende mbali kuitafuta zamani hiyo, katika mji wa Kipunguti aliishi fundi cherehani aitwaye Sikudhani, pamoja na kaka yake, Mkude. Mkude aliugua akili. Hakuwa mkorofi. Tabu yake ilikuwa honi. Kila gari lilipopiga honi, yeye alisikia tusi, basi aliingia katikati ya barabara ya sokoni kuyapatanisha magari.

"Jamani, ninyi ni ndugu! Mnatukanania nini?"

Watu walicheka. Sikudhani hakucheka. Aliyajua malori ya mkonge, yanavyoteremka pale kwa kasi.

Akaenda kwa Bwana Ndimbo wa Afya. "Mheshimiwa, kaka yangu atagongwa. Naomba atibiwe."

"Dada yangu, nesi ninaye, dawa ninazo. Nyumba ya kuwatibia wagonjwa wa akili sina, kwa kuwa kiwanja sijapewa."

"Si umpe dawa hata hapa barazani?"

"Utaratibu hauruhusu. Nenda Ardhi. Ila usihofu, suala lako linashughulikiwa."

Akaenda kwa Bi. Mwasiti wa Ardhi.

"Kiwanja nilikitenga kitambo, mwanangu. Majirani wakaja juu: hatutaki vichaa karibu na watoto wetu! Nikasimamisha, mpaka Usalama waseme hakuna hatari. Kwa sasa tumeruhusu baa hapo."

"Na baa haina hatari kwa watoto?"

"Baa haikupingwa na mtu. Nenda Usalama. Suala lako linashughulikiwa."

Akaenda kwa Chogero, mkuu wa mgambo.

"Nimkamate Mkude? Yule mgonjwa, si mhalifu. Mimi sifungi wagonjwa. Mrudishe Afya."

"Basi waambie Ardhi kwamba si hatari, watoe kiwanja."

"Aa, hilo silisemi. Kesho akirusha jiwe nitaulizwa mimi. Wewe tulia, suala linashughulikiwa."

"Na nani, afande?"

"Na wahusika."

"Wahusika ndio akina nani?"

Chogero akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama.

Siku hiyohiyo lori lilimparuza Mkude bega. Sikudhani akamwosha damu, akachukua kamba ya katani, akamfunga mguu kwenye kitanda, akaenda kushona nguo za watu. Alilia wakati anafunga. Lakini alifunga, na fundo alilikaza.

Barabara ikatulia. Mji ukafurahi. Hata akaja mgeni rasmi kutoka makao makuu, amebeba kikombe cha kumtuza aliyeleta utulivu Kipunguti. Turubai likafungwa, viti vya mbele vikavishwa vitambaa, na waheshimiwa watatu wakakaa wanatabasamu.

"Ni Afya," alisema Ndimbo. "Ushauri wetu kwa familia umezaa matunda."

"Ni Ardhi," alisema Bi. Mwasiti. "Tumeupanga mji, kila kitu mahali pake."

"Ni Usalama," alisema Chogero. "Doria, mheshimiwa. Doria tu."

Majirani wakapiga vigelegele. Sikudhani akainuka, akaenda nyumbani, akarudi amemshika Mkude mkono. Kamba iliburutika vumbini, na kifundo cha mguu kilikuwa kimechubuka hadi nyama.

"Waheshimiwa, utulivu wenu ndio huu."

Vigelegele vikakatika.

"Nani amemfunga mtu huyu?" aliuliza mgeni rasmi.

"Amefungwa, mheshimiwa," alisema Ndimbo.

"Inaonekana alifungwa," alisema Bi. Mwasiti.

"Kufungwa kwake kunashughulikiwa," alisema Chogero.

"Nimemfunga mimi!" alisema Sikudhani. "Kwa mikono hii. Na msipomtibu, kesho nitamfunga tena. Nanyi majirani, mliokataa zahanati mkapokea baa, mbona mmenyamaza?"

Mama mmoja akajibu kutoka nyuma: "Shoga, sema kweli. Asingekuwa kaka yako, wewe ungekubali ajengewe ukutani kwako?"

Sikudhani akaitazama kamba. "Sijui," alisema.

Mgeni rasmi akakiinua kikombe. "Aliyetuliza barabara apokee hiki. Ila aliyeituliza ndiye aliyemfunga mgonjwa huyu, na aliyemfunga atapanda kizimbani. Haya, ni nani?"

Ndimbo akamsukumia Mwasiti. Mwasiti akamsukumia Chogero. Chogero akakumbuka kwamba ana doria. Majirani wakatazama viatu vyao.

Sikudhani akanyoosha mikono yote miwili. "Nipe vyote, mheshimiwa, kikombe na kesi. Lakini kaka yangu atibiwe leo."

Mgeni rasmi akabaki na kikombe mkononi.

Haya, mnaonisikiliza. Yupo aliyekuwa na dawa akazizuia. Yupo aliyekuwa na kiwanja akakitoa kwa walevi. Yupo aliyekataa kufunga, akakataa pia kusema. Wapo waliomwogopa mgonjwa wasiuogope ulevi. Na yupo aliyefunga fundo kwa mkono wake ili nduguye asife. Je, kikombe kilimstahili nani? Na kizimbani angepanda nani?