Mnazi wa Bi Siwema

Sogeeni wajukuu, na mwenye kutafuna ameze kwanza, nataka kimya.

Hakimu Mwanakheri alipopewa tu kiti chake cha kwanza, tajiri Mzee Dosi alimfuata akamwambia, "Mjukuu wangu, nipe kiwanja cha yule mjane Siwema, ama kiti hicho utakikosa kabla hakijapata joto."

"Haki itafuatwa, babu," alijibu Mwanakheri kwa adabu.

Mahakamani Dosi aliapa kwamba kiwanja ni chake, na mnazi uliomo kaupanda yeye. Siwema, asiye na hati, alilia tu.

"Babu, mnazi hupandwa juu ya kitovu cha mtoto," alisema hakimu. "Pale kimezikwa kitovu cha nani?"

"Cha mwanangu!"

"Wa kulea?"

"Wa damu! Mrithi wangu!"

"Karani, andika. Bi Kazija mkunga, simama. Pale ulizika kitovu cha nani?"

"Cha Mgeni, binti wa Siwema. Mtaa mzima ulikula ubwabwa siku ile."

"Hongera, babu! Umepata binti, naye atakurithi."

Mke wa Dosi alikuwa keshavua kiatu. "Kumbe ndizo safari zako za sokoni!"

"Sikupanda!" Dosi alipiga kelele, mguu mmoja dirishani. "Mnazi si wangu, kiwanja si changu, mtoto simjui!"

"Karani, andika na hilo."

Basi Siwema akabaki na kiwanja chake, Mgeni akaja kukirithi pamoja na mnazi wake, Mwanakheri akakikalia kiti kile hadi akaota mvi, na Dosi akarithi nundu ya kisigino cha kiatu.