Mshenga wa Mafuta na Maji

Paukwa!
Pakawa!
Mmekaa?
Tumekaa!
Basi anayejikuna na ajikune kimya, hadithi hii ni ya ngozi.

Hapo kale ukame ulikausha nchi, likabaki dimbwi moja, nalo Kiboko kalikalia. Ukisogea kunywa, mwaa! anakufunulia meno. Watoto wa Nguchiro walikuwa wanakufa kwa kiu.

Kiboko naye alikuwa na lake. Jua lilimpasua mgongo. Akijimwagia maji, yanakauka. Akijipaka mafuta, yanateleza, chururu, yanaishia mchangani.

Nguchiro akaja. "Shikamoo, mjomba. Nikuchanganyie dawa ya ngozi?"

"Marahaba. Unataka kuniibia nini?"

"Nipe maji kidogo na mafuta kidogo. Tazama mwenyewe."

Kiboko akatoa, akamkodolea macho mikononi. Nguchiro akatikisa kibuyu: chaku-chaku, chaku-chaku. Wakangoja. Mafuta yakapanda juu, maji yakabaki chini.

"Mwongo wewe!"

"Hawa hawapatani, mjomba. Wanataka mshenga." Akapasua yai la kanga, akatia kiini. "Huyu mkono mmoja anayashika mafuta, mkono wa pili anayashika maji."

Nguchiro kutoa yai bila kulila? Kiboko akazidi kushuku.

Chaku-chaku, chaku-chaku. Wakangoja. Ikawa dawa nyeupe, nzito, haikuachana.

"Jipake wewe kwanza!"

Nguchiro akajipaka. Hakufa. Kiboko akakubali kupakwa, mgongo ukalainika, nusura alie kwa raha. Akarukia dimbwini, chubwi! Maji yakafanya weupe, mgongo ukabaki mtupu.

"Umeniibia!"

"Mjomba, mshenga si ameyashika maji? Ukizama kwenye maji mengi, anaondoka nayo, na mafuta anayabeba. Ukipakwa, kaa kivulini."

Kiboko akanusa hila. Lakini ngozi ilimuuma. Akapakwa tena, akakaa kivulini, akakikumbatia kibuyu kwa nguvu, maana alijua wazi kwamba mbuga nzima inaitaka dawa yake.

Akapita Swala. "Usikiguse!" Akapita Twiga. "Usikiguse!" Wakapita watoto wa Nguchiro. "Msikiguse!"

Hakuna aliyekigusa. Wote walipita tu kwenda dimbwini: gluku-gluku, gluku-gluku.

Jua lilipopoa Kiboko akachungulia kibuyu. Dawa yote ipo! Akacheka, "Nimewaweza!" Akageuka aende kuoga, akakuta matope.

Hadithi yangu nimeipaka mpaka imekwisha, kibuyu nimekifunika. Na funzo lake, wanangu: mshukuni kila apitaye, kama Kiboko. Si mmeona? Dawa yake haikuibiwa hata tone.