Moto Hauamkiwi

Moto hauamkiwi. Ndivyo jirani alivyosema jana alipomkuta Yusta amesimama mlangoni kwake, anatoa shikamoo, anauliza habari za watoto na za kazi, na huku nyuma pazia la jikoni kwetu linawaka. Mmecheka mpaka mkachoka, na leo mnataka kujua nani alisema hivyo kwanza. Haya, kaeni. Na wewe Yusta, acha kununa, usikie yalianzia wapi.

Palikuwa na chuo cha kufundishia wahudumu wa ndege, nyuma ya karakana za uwanja wa ndege. Mkufunzi wa mambo ya dharura alikuwa mama mmoja wa Kihaya, Bi Adelina Rwegasira. Alikuwa amelea watoto wanne, na wanafunzi aliwalea vilevile, yaani kwa macho na kwa kelele. Darasa lake lilikuwa ndege kuukuu isiyo na mabawa wala mkia, iliyowekwa juu ya nguzo. Wanafunzi waliiita Kuku Kanyonyolewa. Humo walijifunza kuvaa na kuwavisha watu maboya, kufungua mlango wa dharura, kutoa mtelezo wa mpira wa kushukia chini, na juu ya yote kuwapigia abiria kelele: acha mzigo, njoo huku, ruka!

Mwaka huo alikuwamo msichana wa Lushoto, Mwantumu Shekiondo. Mlango mzito ambao wavulana waliusukuma kwa bega na matusi, yeye aliufungua kwa pigo moja. Kwenye bwawa la kuogelea alimvuta mtu mzima kwa boya kama anayevuta kanga iliyoloa. Wenzake walipokaa kwenye viti wakijifanya abiria, aliwafokea mpaka wakaruka na vicheko vyao. Bi Adelina alishaanza kujisifia kwamba amepata mhudumu.

Kisha akawaleta wazee. Ndege haipandwi na vijana peke yao, kwa hiyo kila mwaka aliwaalika wastaafu wa mtaa wa jirani waje wawe abiria, wapate soda na chakula cha mchana. Aliyetangulia siku zote ni Mzee Kalokola, aliyekuwa mkuu wa stesheni ya reli, mtu wa tai na mkoba wa ngozi.

Mashine ya moshi ikawashwa, moshi mweupe usio na madhara ukajaa, kengele ikalia. Mwantumu akafungua mlango. Mzee Kalokola akaja amekumbatia mkoba wake. Msichana akainama kidogo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Samahani sana mzee wangu, kama hutajali, naomba huo mkoba uuache.”

“Huu? Hauna uzito. Wewe wa wapi, mwanangu?”

“Wa Lushoto, mzee.”

“Lushoto! Lushoto ya Soni au ya Mlalo? Soni nilikuwa na rafiki yangu, fundi cherehani…”

Nyuma yao abiria wote walikuwa wamekwama kwenye ujia, wanasikiliza habari za fundi cherehani. Bi Adelina akazima kengele.

“Mmekufa!” alisema. “Mzee, umekufa. Mwantumu, umekufa. Yule bibi wa nyuma amekufa amekaa, hata mkanda hajafungua.”

“Usinitabirie kifo, mama,” alisema Mzee Kalokola. “Mtoto kanisalimu, nami nimemwitikia. Ulitaka nimwache na salamu yake mkononi?”

Wakarudia. Mwantumu akaua tena watu wale wale, safari hii kwa “tafadhali babu”. Wakarudia. Akajaribu kupaza sauti, ikatoka sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa. Mzee Kalokola akamtazama toka juu hadi chini: “Unaniamrisha mimi? Binti wa nani wewe?” Msichana akaomba radhi, tena kwa kupiga goti, mlangoni, watu wote wakiwa nyuma.

Bi Adelina akamwita pembeni.

“Una nini wewe? Mdomo wako una kufuli?”

“Mwalimu, kwetu mtoto akimfokea mzee, amejitafutia laana.”

“Na wazee wakiungua mlangoni kwako, hiyo itakuwa baraka?”

Mwantumu akaanza kupiga goti, mwalimu akamwinua.

“Mtihani ni Ijumaa, na mkaguzi anakuja,” alisema Bi Adelina. “Ukishindwa mlangoni, unarudi Lushoto. Sitakuonea huruma, maana nikikupitisha wewe kwa huruma, nitakuwa nimeua watu nisiowajua. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, mwalimu. Ahsante, mwalimu.”

“Na hizo ahsante zako pia!” Bi Adelina alienda zake akisema peke yake. Mtoto ana mikono, ana akili, ana miguu, kilichobaki ni adabu, na adabu yenyewe ndiyo itakayomrudisha nyumbani. Angekuwa mvivu, angemfukuza na kulala usingizi.

Ijumaa ikafika. Mkaguzi akasimama chini, karibu na mtelezo. Wazee wakaingia na kufunga mikanda, Mzee Kalokola kiti cha mbele na mkoba wake mapajani. Bi Adelina akaketi nyuma kabisa, penye mashine ya moshi. Mwantumu akasimama mlangoni.

Mashine ikawashwa. Moshi mweupe ukatoka kama kawaida, halafu Bi Adelina akasikia harufu ya mpira unaoungua. Akainama chini ya kiti. Waya wa mashine ulikuwa mwekundu, na sponji la kiti cha karibu lilishashika moto. Akaung’oa waya ukutani, lakini moto ulikuwa umekwishahamia kiti cha pili.

“Moto!” akapiga kelele. “Moto wa kweli! Tokeni!”

Wazee wakageuka, wakamtazama kwa kumsifu.

“Leo mwalimu kajitahidi,” alisema bibi mmoja. “Hata harufu kaleta.”

“Jamani, ni moto! Si maigizo!”

“Tunajua, mama, tunajua. Tumeshazoea,” mwingine akamtuliza, akaendelea kufungua mkanda wake taratibu.

Bi Adelina alitamani kulia. Kila mwaka alikuwa akiwaambia, fanyeni kama kweli, wasifanye. Leo ni kweli, nao wanamsifu kwa kuigiza. Ujia ulikuwa umejaa migongo, na mbele ya migongo yote alisimama Mzee Kalokola na mkoba wake, amenyoosha tai, anangoja kuamkiwa.

Mwantumu akauona moshi unageuka mweusi juu ya vichwa vya watu.

“Shika…” alianza, akakoma. Bi Adelina, kule nyuma, alifumba macho.

“Tupa mkoba! Njoo huku! Ruka!”

Sauti ile haikuwa ya mtu aliyewahi kusema tafadhali. Mzee Kalokola alirudi nyuma hatua moja.

“We binti! Unasema na nani?”

“Nasema na wewe! Ruka!” Akampokonya mkoba, akautupa kitini, akamkamata mzee kwa ukosi na kumsukumia kwenye mtelezo. “Wewe, ruka! Bibi, viatu acha! Ruka! Usinitazame, ruka!”

Wakatoka mmoja mmoja, wakikohoa, wakilalamika, hakuna aliyebaki. Bi Adelina alipofika mlangoni akageuka ili apekue viti.

“Nimeshaviona, vyote vitupu!” Mwantumu alimfokea. “Mwalimu, ruka!”

Bi Adelina, aliyezoea kuwa na neno la mwisho, akaruka bila neno. Mwantumu akafuata.

Zimamoto wa uwanja walipofika, kiti cha mbele kilikuwa kimeyeyuka, na mkoba pamoja nacho. Mzee Kalokola alikuwa amekaa kwenye majani, kiatu kimoja mguuni. Mwantumu alikwenda akapiga magoti mbele yake.

“Nisamehe, mzee wangu. Nimekukosea adabu.”

“Ee Mungu wangu!” Bi Adelina alishika kichwa. “Sasa anaomba msamaha kwa kuwaokoa!”

Lakini mzee alimwinua msichana kwa mkono. Aliangalia ule mlango uliokuwa ukitoa moshi mweusi, akaliangalia lile dirisha la pale alipokuwa amekaa.

“Ungeniamkia, ningekuitikia,” alisema. “Ningekuitikia, ningekuuliza habari za Soni. Na wewe kwa malezi yako ungenijibu, tukafia pale wote tukiwa na adabu zetu. Mwanangu, moto hauamkiwi.”

Mkaguzi alimpitisha Mwantumu pale pale kwenye majani.

Tangu mwaka ule, wazee wakialikwa kwa Kuku Kanyonyolewa, ambayo ilitengenezwa upya, salamu zote humalizwa nje. Vijana hupita kwa kila mzee, shikamoo zinatolewa, marahaba zinajibiwa, ukoo unaulizwa mpaka kwa babu wa babu, na Bi Adelina amesimama anatazama saa yake na kuvuta pumzi. Zikiisha ndipo huwafungulia mlango na kuwaambia: humu ndani hakuna mzee wala mtoto, kuna aliyeshika mlango, na kuna anayeruka.

Na wazee, ambao zamani walikuwa wakinuna, humjibu kwa pamoja wakipanda ngazi: moto hauamkiwi.