Jina la Mwenye Mbwa

Mtumishi mmoja alikuwa na funguo za nyumba tisa, na hata moja haikuwa yake. Aliitwa Ngailo. Alitunza nyumba za serikali katika mji mdogo wa nyanda za juu, mahali pa baridi na ukungu, ambako maofisa huletwa kwa barua na huondolewa kwa barua. Kazi yake ilikuwa kufyeka majani, kuziba mabati yanayovuja, na kuwapo siku ya makabidhiano.

Makabidhiano mnayajua. Ofisa anayehama husimama sebuleni na karatasi, anayehamia husimama upande wa pili, na Ngailo katikati, akionyesha kwa kidole. Vitanda viwili, vipo. Kabati la vyombo, lipo, mlango mmoja haufungi. Mapazia jozi nne, yapo, moja limeungua kwa pasi. Wote watatu hutia saini, lori huondoka, na nyumba hupata mwenyewe mpya kabla vumbi halijatulia.

Mbwa hayumo katika orodha hiyo. Ofisa akifika hutafuta mtoto wa mbwa, kwa kuwa anaogopa wezi na watoto wake wanataka kitu cha kuchezea. Akihamishwa, lori limejaa, mke anasema kule waendako hakuna uwanja, na mbwa si mali ya serikali hata akabidhiwe. Basi hufungwa langoni, kama mwavuli uliosahauliwa. Ofisa akiwa ameshapanda gari huchungulia dirishani na kusema: "Mzee, nishikie tu huyo. Nitatuma mtu."

Ngailo alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa. Aliwahi kuokota kijiko cha chai chini ya jiko la ofisa aliyehama asubuhi ile ile. Alikimbia nacho hadi stendi akakipitisha dirishani basi likiwa limeshaanza kutembea. Kwa miaka ishirini na sita hakuchukua hata msumari. Akiambiwa ashike, alishika.

Nyuma ya ofisi ya mifugo palikuwa na zizi kuukuu, la kufungia ng'ombe waliokamatwa wakila mahindi ya watu. Ngailo aliliziba kwa mabanzi aliyopewa kiwandani kwa wapasua mbao, akawaweka humo wale aliowashika, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakafika wanne. Kila alasiri alikwenda jikoni kwa shule ya sekondari, ambako mpishi, Mama Tuse, alimwekea ukoko wa ugali kwenye ndoo, na siku za nyama akamwongezea mifupa na mchuzi uliobaki.

Mji ule haukuwaita maofisa kwa majina, maana hawakukaa muda wa kutosha kuzoeleka. Waliitwa kwa idara zao. Kwa hiyo Ngailo alikuwa na mbwa wa Bwana Ardhi, mbwa wa Bwana Afya, mbwa wa Mama Elimu na mbwa wa Bwana Maji, na kwa kuwa maisha ni mafupi, alifupisha. Ukipita pale alasiri ulimsikia: "Elimu, mwache Afya ale!" Au: "Jamani, nani kamwona Maji? Tangu juzi Maji hajaonekana." Wapita njia walimjibu kwamba hata mtaani kwao ni hivyo hivyo.

Mtu akimsifu kwamba mbwa wake wamenenepa, alikuwa mwepesi wa kusahihisha. "Si wangu. Nawashikia tu."

Mwaka mmoja ukaja waraka. Ulisema kwamba Alhamisi mbwa wote watachanjwa kichaa cha mbwa katika uwanja wa mnada, na kila mbwa mwenye mwenyewe atapata cheti. Ulisema pia kwamba Jumamosi itakayofuata, mbwa asiye na mwenyewe ataondolewa. Haukusema ataondolewa kwenda wapi. Waraka huwa na haya. Lakini Jumatatu askari wa wanyamapori alionekana ofisini akisafisha bunduki, na mji mzima ukaelewa.

Ngailo alifanya kile ambacho mtu mwaminifu hufanya. Aliandika barua nne kwa mwandiko wake bora, kila moja ikiwa na kichwa kilichopigiwa mstari: YAH: MBWA WAKO. Alimsihi kila ofisa aje, au atume mtu, au walau atume neno kabla ya Alhamisi. Akaandika na namba ya simu ya jikoni kwa shule, akazipeleka barua kwa madereva wa ofisi wanaokwenda mikoani.

Bwana Ardhi alijibu kwa maandishi, kwa maana alikuwa mtu wa maandishi. Alisema mbwa yule alibaki katika nyumba ya serikali, kwa hiyo ni wa nyumba, na suala lake lipelekwe ofisini. Ngailo alilipeleka ofisini. Ofisini walifungua jalada, wakaangalia orodha ya makabidhiano, wakamwambia kwamba mbwa huyo hayupo. Ngailo aliwaonyesha mbwa kupitia dirishani. Walikubali kwamba wanamwona, lakini hayupo.

Bwana Afya hakujibu. Simu ya Bwana Maji haikupatikana, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Mama Elimu alipiga mwenyewe, na alipotajiwa mbwa akalia. "Anakula?" aliuliza. "Anakula, mama." "Mungu akubariki sana, mzee wangu. Nitatuma gari." Hakuwa anadanganya; alimaanisha kabisa wakati analia. Baraka zilifika. Gari halikufika.

Alhamisi watu walijipanga uwanjani na mbwa wao, wengine kwa kamba za katani, wengine kwa mikanda ya suruali, wengine kwa vipande vya kanga. Bwana Mifugo alikaa nyuma ya meza na rundo la fomu. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye kalamu mbili. Chini ya meza alilala mbwa wake mwenyewe, jike dogo la kahawia aitwaye Kashata, ambaye alikuwa ameshachanjwa na kupewa cheti namba moja, kwa kuwa viongozi sharti waonyeshe mfano. Ngailo alikuja na wanne wake. Nyuma yake alisimama Mama Tuse, na paka kikapuni. Paka alikuwa akitoa maoni yake kuhusu zoezi zima.

"Jina la mbwa?" akauliza Bwana Mifugo.

"Ardhi."

Bwana Mifugo aliinua macho, kisha akaandika. "Jina la mwenye mbwa?"

"Bwana Ardhi."

"Yupi? Huyu mwembamba?"

"Siyo huyu. Wala aliyemtangulia. Yule wa kabla yao, mwenye mwanya."

"Yuko wapi?"

"Kahamishwa."

"Basi mbwa hana mwenyewe."

"Anaye, mheshimiwa. Kahamishwa."

"Mzee wangu, fomu haina sehemu ya waliohamishwa. Andika jina lako hapa, mbwa achomwe sindano, uende zako. Watu wanangoja."

"Nikiandika langu," akasema Ngailo, "nitakuwa nimemwibia Bwana Ardhi."

Foleni nzima ilicheka. Katika mji ule watu walikuwa wamezoea wizi uelekee upande ule mwingine. Lakini Ngailo hakucheka, na Bwana Mifugo, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliweka kalamu chini na kushusha sauti.

"Mzee, Jumamosi unaijua?"

"Naijua."

"Sina namna nyingine ya kukusaidia."

Ngailo alisimama na kamba nne mkononi. Mbwa wa Bwana Ardhi alikuwa amemwegemea gotini, kama alivyozoea, akitazama watu. Kalamu ilikuwa mezani. Mtu ambaye hakuwahi kuchukua msumari alikuwa anatakiwa kuchukua mbwa wanne mchana, mbele ya mashahidi, au awarudishe zizini wasubiri bunduki. Mkono wake ulinyanyuka kidogo, ukarudi.

Ndipo Mama Tuse akaweka kikapu chini.

"Baba Ngailo," alisema, "andika jina lako. Siku Bwana Ardhi akija kudai, mwulize ni mguu upi wa mbwa huyu unaouma mvua ikikaribia. Akiujua, mpe mbwa wake."

Ngailo alimtazama mbwa, kisha, kana kwamba aliyeulizwa ni yeye, akasema polepole, "Wa nyuma. Wa kushoto."

Bwana Mifugo, mwenye stashahada ya mambo hayo, aliinama akaitazama miguu yote minne. Hakuona tofauti.

"Na huyu wa Mama Elimu?" akauliza Mama Tuse.

"Anaogopa miavuli."

"Na Maji?"

"Hali mpaka umpe mgongo."

"Na Afya?"

"Huyo hana neno. Ila akilala peke yake analia."

"Haya," alisema Mama Tuse, akiokota kikapu chake. "Mtu mzima na mvi zako, unajifanya unawashikia watu."

Ngailo alichukua kalamu. Aliandika jina lake mara nne. La kwanza aliliandika kama mtu anayekiri kosa polisi; kufikia la nne, kosa lilikuwa limeanza kumpendeza.

Jumamosi askari alifika zizini na bunduki yake. Alikuta vyeti vinne vimepigiliwa mlangoni, kila kimoja ndani ya mfuko wa nailoni visilowe. Alivisoma vyote, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akakaribishwa uji, akaenda. Taarifa ya robo mwaka ilieleza kwamba wilaya imefungua kituo cha kutunza mbwa waliotelekezwa, chenye mtumishi mmoja mwenye ari. Mtumishi huyo hakuarifiwa. Alikuwa na mambo mengine: aliezeka upya upande wa zizi uliokuwa ukivuja, akamshonea Ardhi blanketi la magunia kwa ajili ya ule mguu, na mtu akimsifia mbwa wake alijibu, "Ahsante." Wanaomfahamu wanasema alianza hata kutembea kwa namna nyingine.

Mwezi wa tano Bwana Mifugo naye akapata barua.

Makabidhiano yalifanyika vizuri. Vitanda vilikuwapo, mapazia yalikuwapo, saini tatu zikatiwa. Lori lilijaa mpaka turubai likakataa kufika upande wa pili. Mke wa Bwana Mifugo alikuwa ameshaketi mbele na dereva alikuwa ameshawasha injini, wakati Bwana Mifugo alipokuja nyuma ya ofisi akimvuta Kashata kwa kamba. Kwa mtu wa cheo chake, alikuwa akitembea karibu na ukuta.

"Mzee Ngailo, nishikie tu huyu. Nikipata nyumba nitatuma mtu."

Ngailo hakunyosha mkono.

"Sishiki tena vya watu, mwanangu. Ukitaka kuniachia, niachie moja kwa moja. Nitampokea kwa moyo mmoja, atakula, atalala na wenzake, nitajifunza mambo yake. Ila mwambie yeye kwanza. Mwambie, 'Kashata, leo nakuacha.'"

"Ah, mzee. Mbwa anajua nini?"

"Basi si kazi ngumu. Mwambie."

Bwana Mifugo alikohoa kidogo. Huyu alikuwa mtu aliyezoea kutangaza mambo mazito. Alikuwa amefunga minada, amemwaga maziwa ya watu, amewaambia wajane kwamba ng'ombe wao ni wa kuchinjwa na kufukiwa, na hakuna siku sauti yake ilitetemeka, kwa kuwa siku zote alikuwa akisoma karatasi. Sasa hakuwa na karatasi. Alichuchumaa. Mbwa alifurahi kumwona ameshuka kimo, akamlamba kifundo cha mkono, pale penye saa.

"Kashata," alisema.

Mkia ulipiga chini mara mbili. Mbwa aliinua masikio akangoja kilichobaki.

Dereva alipiga honi. Bwana Mifugo alifungua kinywa, akakifunga. Kisha alisimama bila kumtazama mtu yeyote, akarudi kwenye lori na kamba ikiwa bado mkononi, akawaamuru wapakiaji washushe kochi dogo, vifurushi vilivyojaa mbele vikae mahali pake. Mkewe alitoa kichwa dirishani aseme neno, akauona uso wa mumewe, akasogea. Mbwa alipanda akakaa katikati yao, akitazama mbele kama mtu aliyelipiwa tiketi.

Kochi lilibaki zizini. Wanne wale wanalilalia kwa zamu, na zamu hazina haki hata kidogo, lakini hakuna aliyepeleka malalamiko ofisini.

Ndugu zangu, Ngailo hakumkataza mtu kuacha. Alimtaka aseme tu, kwa mdomo wake, mbele ya anayeachwa. Na ninyi mliokaa hapa mkiwacheka maofisa, nikiwapa sasa hivi simu iliyo hewani, ni nani huko nyumbani mtashindwa kumwambia kwamba mmemwacha, ingawa mmekwisha kuondoka?