Mbio za Sultani Mwinyikai

Hapo zamani, katika mji wa Mkokoni, siku ya Jumatano, tarehe saba ya Mfunguo Tano, saa mbili na robo asubuhi, Sultani Mwinyikai aliinama kuokota tende iliyomponyoka, akashindwa kuinuka. Wakaja watu wanne wakamwinua, wa tano akaiokota tende, na wa sita akaipangusa na kumtia kinywani. Kwani katika jumba lile palikuwa na mtu wa kila kazi, hata wa kumpigia miayo wageni wanapokaa mno. Kutembea nako alitembezewa. Wanaume wanane walimbeba kwa machera, yaani kiti chenye miti mirefu ya mabegani, kutoka barazani hadi mezani, nazo zilikuwa hatua arobaini, zote juu ya zulia.

"Tabibu," akasema Sultani akihema, "nimezeeka lini?"

Tabibu Fumbwe, ambaye hakuwahi kumwambia bwana wake neno la kumchukiza, akajibu, "Hujazeeka, Mtukufu. Umepungukiwa chumvi tu. Nimesoma kwamba mtu akimbiapo, figo zake hupika chumvi nyeupe, nayo ndiyo izuiayo uzee. Mbio zenyewe ni makapi. Na chumvi hiyo hiyo imo ndani ya mchicha."

"Kwa hiyo nikila mchicha, nimekimbia?"

"Umekimbia, Bwana, tena bila vumbi."

Basi akaitwa Mize binti Makame, muuza mchicha, fukara ambaye watu wa jumbani walimwona punguani, kwa kuwa kila alichoambiwa alikifanya vile vile alivyoambiwa. Mumewe, Vuai, alikuwa mmoja wa wale wachukuzi wanane. Bega lake lilikuwa na kidonda kisichopona, na mtu aliyeshika mti ule kabla yake alikuwa ametoka jumbani kwa jeneza. Kwani mchukuzi wa Sultani hakuachwa akiwa hai.

Siku arobaini Sultani akala mchicha, mabakuli matatu kwa siku, uliozama ndani ya samli. Ikawa siku ya arobaini mti mmoja wa machera ukapasuka kwa uzito, na Vuai akaanguka na kidonda chake.

Sultani akaghadhibika, si kwa ajili ya Vuai. "Mchicha wako ni mwongo, ewe mwanamke! Niletee manufaa yote ya mbio, na mguu wangu usitoke juu ya zulia. Nakupa siku tatu. Ukishindwa, nawe utaingia chini ya machera pamoja na mumeo."

"Siku tatu ni nyingi, Bwana wangu," akasema Mize. "Nina swali tu. Mpishi wako akipika pilau, ni ya nani?"

"Yangu."

"Na kitanda akichonga seremala wako?"

"Changu! Kila kitokacho kwa mtumishi wangu ni changu. Hujui sheria, punguani weye?"

"Basi hiyo chumvi inayopikwa na figo za wachukuzi wako ni ya nani?"

Sultani akapanua macho. "Yangu! Tabibu, mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa karibu kusema, Mtukufu," akajibu Tabibu.

"Ila chumvi yao ni haba," akaendelea Mize, "kwa sababu wakikubeba hujikokota. Waache wakimbie mikono mitupu, wafuate njia kuu, wasisimame, wasigeuke nyuma, mpaka Bwana wangu awe kijana. Na siku utakapokuwa kijana, wawe huru, kwani kijana hana haja ya kubebwa. Iandikwe na kutiwa muhuri, maana walinda milango ni wakali."

Karani akaandika nakala mbili. Mize hakujua kusoma, lakini alitaka asomewe zote mbili. Katika ya pili neno "wasigeuke" lilisahauliwa. Akamkalia karani kooni mpaka likarudishwa. Alfajiri wale wanane wakatoka mbio, Vuai mbele na karatasi yenye muhuri.

Sultani akajilaza juu ya mito, akikimbia. Kila asubuhi Tabibu alimgusa shavu na kusema, "Miaka saba imetoka, Mtukufu," na baraza likaitikia, "Mashaallah!" Siku ya saba, kwa hesabu yao, alikuwa na miaka kumi na tisa.

Siku hiyo akataka kubebwa, asipatikane wa kumbeba. Akatuma mpanda farasi, naye akarejea kesho yake saa tano. "Nimewakuta ng'ambo ya mpaka, Bwana, wanakula ndizi huku wanakimbia. Nikawaambia rudini; wakanionyesha muhuri wako."

"Mleteni yule wa mchicha!"

Mize akaja. "Bwana wangu," akasema, "kama hujawa kijana, wangali wanakutumikia huko waliko, wala hawawezi kugeuka. Kama umeshakuwa, wako huru. Nishike lipi?"

Sultani akamtazama Tabibu, akalitazama baraza lililomwapia ujana siku saba. Kusema la ni kujiita mzee, tena mzee aliyedanganywa.

"Mimi ni kijana!" akanguruma.

"Hongera, Bwana. Karani, andika na saa. Chakula nacho kiko tayari mezani."

Hakuna aliyethubutu kumsogelea na kiti, kwani kumletea kiti ni kumwita mzee. Basi Sultani Mwinyikai akainuka. Hatua ya sita akakumbatia nguzo. Hatua ya kumi na moja akamwegemea Tabibu shingoni, na hatua ya ishirini wote wawili wakaketi chini kwa kishindo, Tabibu akiwa chini zaidi. Watumishi wakaziba vinywa kwa kanzu zao. Pilau ikapoa.

"Punguani," akanong'ona Sultani, jasho likimtiririka, "umenifanya nini?"

"Nimekuletea manufaa ya mbio, Bwana. Ndiyo kwanza yanaanza. Nawe mguu haujatoka juu ya zulia."

Sultani hakuweza kumwadhibu, maana angeulizwa kosa lake ni lipi.

Kesho yake asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Mize alimwagilia mchicha wake mara ya mwisho, akamwachia jirani ndoo, akajitwika kapu lenye dawa ya kidonda na kushika njia kuu ya kwenda mpakani. Akatembea polepole, kwani amri ya kukimbia haikumtaja yeye.