Sanduku Alilokalia Mwalimu Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na sanduku!
Lina kufuli?
Lina kufuli!
Na ufunguo anao nani?
Anao mwenye meno!

Basi sogeeni karibu. Hapo kale wanyama walikuwa na shule yao, na mwalimu wa fizikia alikuwa Fisi. Nje ya dirisha la darasa lake palikuwa na mkwaju, na juu ya tawi la mkwaju alikaa Kindi.

Kindi naye aliwahi kuketi humo ndani, dawati la mbele. Kisha mama yake akavunjika mguu, wadogo zake wakalia njaa, na Kindi akatoka kwenda kutafuta mbegu. Alisema atarudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Lakini kila asubuhi, kikapu kikiwa bado kitupu, alipita mkwajuni kusikiliza.

Alisikia nini? Kra, kra, kra! Chaki ubaoni.

"Hii ni rezista," alisema Fisi akichora. "Hii ni diodi. Diodi hupitisha umeme upande mmoja tu, na ipo inayowaka kama kitaa. Na chochote chenye maji ya chumvi hupitisha umeme. Nakilini!"

Wakanakili.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa, mwalimu!"

Hakuelewa hata mmoja. Kobe alidhani rezista ni kijiti kilichopindapinda, kama kilivyochorwa. Swala alikariri diodi mpaka akaiota, na hata ndotoni ilikuwa ya chaki.

Vifaa vyenyewe vilikuwepo, tena vipya, ndani ya sanduku. Fisi alilikalia.

"Ni vya Mkaguzi wa shule," alisema. "Mkivishika vitachakaa."

Kindi alikuwa na hamu moja tu: aone kile kitaa kidogo cha kwenye somo kikiwaka. Mara moja tu, kwa macho yake. Hamu hiyo ilimkaa kooni kama kokwa, haimezeki wala haitemeki.

Siku moja, wenzake wakiwa mapumzikoni, akateremka hadi dirishani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe mtoro, unataka nini?"

"Sitaki kitu, mwalimu. Nimevutwa na harufu tu. Hilo sanduku linanukia uboho."

"Uboho!" Masikio ya Fisi yakasimama. "Acha uongo. Hivyo ni vifaa vya fizikia."

"Labda, mwalimu. Mimi sikumaliza shule. Ila Mkaguzi huja kila mwaka, hulifungua, huinamia ndani, halafu huondoka ameridhika. Huwa anaridhishwa na nini?"

Fisi akalinusa sanduku. Mate yakaanza: cho, cho, cho.

"Kumbe ananilia uboho chini ya makalio yangu!"

Kacha! Kufuli likafunguka. Fisi akachungulia.

"Mbona naona shanga na nyuzi?"

"Uboho umo kwenye hicho kidude chenye chuchu mbili. Hakitafunwi, mwalimu, hunyonywa. Lowesha ulimi vizuri, uziguse zote mbili kwa pamoja."

Kindi alijua asemalo. Mate yana chumvi, na somo hilo alilisikia kwa Fisi mwenyewe.

Fisi akautoa ulimi, mrefu, unachuruzika. Akalamba betri.

Tsssss!

"Yalaaa! Limeniuma! Sanduku lina nyoka!"

"Pole, mwalimu. Labda ni la Mkaguzi kweli."

"Litoeni! Sitaki kuliona!" Akatoka mbio, mkia katikati ya miguu, ulimi nje.

Wanafunzi wakaja, wakalitoa sanduku hadi chini ya mkwaju, wakalizunguka.

"Rezista iko wapi?" akauliza Kobe.

"Umeikanyaga," akajibu Nguchiro.

"Hii? Si ushanga huu?"

Kindi hakungoja. Akaunga betri, akaunga rezista kitaa kisije kikaungua, akaunga kitaa. Akangoja.

Giza.

"Kimekufa," akasema Swala.

"Heri taa ya chaki," akasema Kobe. "Ile haijawahi kutuaibisha."

Kindi akakitazama kitaa. "Hiki nacho ni diodi," akanong'ona. "Upande mmoja tu." Akakigeuza.

Pa! Nuru nyekundu, ndogo kama punje ya mtama.

"Kumbe!" wakasema wote. "Kumbe ndiyo hii!"

Ngo, ngo, ngo! Kengele ikalia. Wanafunzi wakalibeba sanduku kuingia nalo darasani. Nguchiro akageuka mlangoni.

"Dada Kindi, huingii?"

"Tangulieni," akasema Kindi. "Wiki ijayo."

Akakiokota kikapu chake, akapanda mkwajuni. Akatega sikio. Hakusikia kra, kra, kra. Alisikia sauti ya Kobe kutoka ndani: "Kumbe!"

Kindi akachukua mbegu moja ya ukwaju tawini. Akaishika upande huu. Akaigeuza upande ule. Akaitia kikapuni, akaenda zake.

Funzo ni hili, wenzangu: vifaa vya shule msivishike, vinauma. Umeme ni somo jepesi sana, ukinakili na kunyamaza. Na Mkaguzi akija, mwambieni sanduku li salama, limekaliwa.

Hadithi yangu nimeiacha mkwajuni. Ikiwaka, nendeni nayo. Isipowaka, igeuzeni.